Efekti Imegoma: Tafuta Kosa Uwanjani Kabla ya Kulaumu Programu

Klipu yenyewe ilikuwa ya kichekesho, sekunde 40. Bibi mchawi anaondoka Arusha usiku na ungo wake, anapitiwa na usingizi njiani, kunamkuchea akiwa juu ya Moshi, anadondoka mbele ya duka la Mangi na kuagiza soda kama mteja wa kawaida. Bibi aliigizwa na dogo mmoja wa Ngarenaro mwenye ndevu changa. Tukamfunga khanga mbili na kilemba, ndevu zikamezwa na kilemba. Tulirekodi sebuleni kwangu Sakina, kitambaa cha kijani ukutani. Usiku nikakaa kwenye kompyuta, nikafuta kijani, nikaweka Kilimanjaro nyuma. Tumbo la bibi likatoboka. Kilele cha Kibo kikawa kinachungulia kitovuni.

"Kaka, mbona nimemeza mlima?" dogo akaniuliza nilipomtumia.

Nilikuwa nimeshapoteza saa 2 nikivuta vitelezi vya programu kushoto na kulia. Kumbe chanzo ni pindo la khanga: kijani kibichi, ndugu wa damu wa kile cha ukutani. Hakuna kitelezi kinachojua kwamba kijani hiki ni nguo na kile ni ukuta. Kubadilisha khanga kungechukua dakika 5.

Klipu hiyo moja ilinipitisha karibu kwenye kila kosa lililomo humu, kwa hiyo utakutana na bibi mara kwa mara.

Kwanza, klipu ghafi

Efekti ikiwa na kasoro, usiiguse. Fungua klipu kama ilivyotoka kwenye kamera, ijaze kioo kizima, ipitishe fremu moja moja (zile picha moja moja zinazounda video) pale penye tatizo. Ukiliona humo, lilizaliwa wakati wa kurekodi, na dawa yake nzuri ni kurekodi upya kama mwigizaji bado anapatikana. Klipu ghafi ikiwa safi, rudi kwenye programu, zima matabaka yote (klipu na efekti ulizozipanga moja juu ya nyingine), kisha washa moja moja kuanzia la chini. Tabaka litakalorudi na kasoro ndilo lenye kesi.

Halafu tazama kwenye simu, kwa umbali ule ambao mtu anashika simu akiwa amebanwa kwenye kifodi, ile daladala ndogo. Kasoro isiyoonekana hapo usiikeshee. Nimewahi kukesha nikisafisha unywele mmoja ambao hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuuona.

Kijani hakitoki, au kinatoka na mtu

Watu husema tu "kijani kimegoma", lakini humo ndani mna magonjwa manne tofauti, na dawa ya moja huongeza jingine.

La kwanza ni matundu mwilini, lile la bibi. Kagua nguo, ushanga, soli za ndala, chupa ya soda, hata rangi ya kucha. Kagua pia vinavyong'aa: sufuria mpya, miwani, saa ya mkononi. Hivi si vya kijani, ila vinaakisi kitambaa, kwa hiyo vinatobolewa pamoja nacho. Kama vazi lazima liwe la kijani, ning'iniza kitambaa cha bluu badala yake. Shuka nyekundu ya Kimaasai ndiyo rafiki mkubwa wa kitambaa cha kijani, maana nyekundu iko mbali nacho kabisa. Natamani kila kisa changu kingekuwa na mmorani ndani. Ikiwa matundu yametokea na nguo haina kijani, umevuta kitelezi kupita kiasi. Kirudishe hadi matundu yazibe, na mabaki ya kitambaa pembeni uyakate kwa maski, yaani mpaka unaouchora kwa mkono, badala ya kuiachia rangi kazi yote.

La pili ni madoa ya kitambaa yanayobaki yakielea hewani. Programu inafuta kijani kimoja. Kitambaa chako kina vijani vitatu, cha palipopigwa na taa, cha kwenye kivuli na cha kwenye mikunjo. Piga pasi, kivute kwa vibanio, na kipe kitambaa taa zake mbali na taa za mwigizaji. Kuna kipimo cha haraka: kipige picha kwa simu kikiwa peke yake, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kikionekana kijivu kimoja kote, uko salama. Kikiwa na mawingu, rekebisha taa kabla hujamwita mwigizaji. Na usinunue satini. Mimi ya kwanza niliinunua Soko Kuu kwa sababu ilipendeza. Chini ya taa iling'aa kama bibi harusi na kila mng'ao ukawa doa jeupe lisilofutika. Kitambaa kinachofaa ni kile kisichong'aa, kisichorudisha mwanga.

La tatu ni ukingo wa kijani mabegani na kwenye nywele. Hapo mwanga umegonga kitambaa ukarudi mgongoni kwa mwigizaji. Programu nyingi zina kifaa cha kupunguza ukijani huo na kinasaidia, lakini kikizidishwa ngozi inakuwa na rangi ya mgonjwa. Tiba ni umbali: mwigizaji asimame angalau mita 2 mbele ya kitambaa. Sebule yangu haina mita hizo. Tulitoa kochi nje, simu nikaisimamisha koridoni, tukarekodi kupitia mlango, jirani akidhani tunahama.

Ukijani huohuo utakupata hata bila kitambaa ukirekodi chini ya migomba. Jua linapita kwenye majani na kuwapaka watu wote usoni. Kuna vijana huko Rau waliwahi kutundika kitambaa chao shambani kwa sababu palikuwa na mwanga mzuri, na programu ikafuta kitambaa na nusu ya shamba.

La nne ndilo linalowachanganya wengi: ukingo wa mtu unachemka kama sisimizi, au una vipande vya mraba. Simu huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi huihifadhi moja tu kwa kila kundi la pikseli 4. Jicho halijali. Kazi ya kufuta kijani, ambayo inategemea rangi, inajali sana, kwa sababu ukingo wa rangi ni wa ngazi ngazi hata kama picha inaonekana laini. Rekodi kwa 4K hata kama utatoa video ya 1080, ili ngazi hizo zipungue zikisinyazwa. Ongeza mwanga, kwa sababu gizani simu huongeza chenga chenga na kila chenga ina rangi yake. Na usipitishe klipu ghafi WhatsApp kama video. Inakandamizwa njiani, na rangi ndiyo ya kwanza kuumia. Itume kama faili la nyaraka, ambapo WhatsApp hupokea hadi GB 2, au tumia waya, memori kadi au Quick Share mkiwa chumba kimoja. Nikipokea klipu ya kijani yenye vipande vya mraba, swali langu la kwanza ni moja: imefikaje hapa?

Wengine wataniambia siku hizi CapCut inamtoa mtu bila kitambaa chochote. Ni kweli, na kwa mtu aliyesimama peke yake inafanya vizuri. Lakini kifaa hicho kinatafuta umbo la mtu. Nilipokijaribu kwa bibi, kilimchukua yeye kikautupa ungo. Akabaki amekalia hewa, miguu imekunjwa.

Mistari ya giza inapanda ukutani

Au picha nzima inapepesa. Wengi huamini simu imeanza kufa.

Simu ni nzima. Umeme wa Tanzania unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoutegemea moja kwa moja hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu nyingi zinakuja zikiwa zimepangwa kurekodi fremu 30 kwa sekunde, na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga wa kila fremu) ikitulia kwenye 1/60 ya sekunde, kila fremu inameza pigo moja la taa na kipande cha la pili. Fremu hii inapata kipande kikubwa, ile inapata kidogo, na tofauti hiyo ndiyo mstari unaoutazama. Shata ya 1/50 inameza mapigo 2 kamili. Ya 1/100 inameza 1 kamili. Mistari inakwisha.

Kwa hiyo ingia upande wa Pro wa kamera, funga shata 1/50, chagua fremu 25 kama zipo. Kwenye iPhone fremu 25 zimefichwa ndani ya mipangilio ya kurekodi video, kwenye swichi ya kuonyesha miundo ya PAL. Kufunga shata kunahitaji programu nyingine ya kamera, na Blackmagic Camera ni ya bure, kwa iPhone na kwa baadhi ya Android.

Mistari ikiendelea baada ya hapo, mtuhumiwa ni taa. Balbu za LED za bei ya chini, na taa za duara zilizopunguzwa mwanga, huwa zinajizima na kujiwasha haraka kwa mpigo wao wenyewe ambao haufanani na wa umeme. Zirekodi kwa mwendo wa polepole, fremu 240 kama simu inazo, na utaziona zikikonyeza. Taa ya namna hiyo iwashe hadi mwisho kisha isogeze nyuma, badala ya kuipunguza. Au izime ufungue dirisha. Juni na Julai Arusha asubuhi nyingi anga huwa limefunikwa na wingu moja pana. Wapiga picha wa harusi hununa, mimi hutoa kitambaa nje, maana hakuna taa ya dukani inayotandaza mwanga sawasawa kiasi kile.

Ukipuuza mistari hii ukadhani ni urembo wa ukuta tu, itakurudia. Kitambaa kinachopepesa ni kijani kinachobadilika kila fremu, na mtu aliyegawanywa mara mbili atapepesa upande wa kushoto tofauti na wa kulia.

Mtu mmoja anakuwa wawili, mshono unaonekana

Yule dogo aliigiza bibi na pia Mangi. Hakuna efekti inayopendwa zaidi kwenye vichekesho vyetu, na ni rahisi: rekodi upande wa kushoto, rekodi upande wa kulia, kata katikati, unganisha. Ikifeli, basi kitu kimesogea kati ya rekodi mbili. Kazi yako ni kujua kipi.

Kama mistari ya mlango na rafu haikutani kwenye mshono, simu ndiyo iliyosogea, na kwa kawaida ilisogea ulipobonyeza kitufe cha kurekodi. Usisimamishe rekodi. Acha kamera iendelee, mwigizaji aende kubadilisha nguo na kurudi, utakata baadaye. Stendi nyepesi itundikie mfuko wa mchanga au galoni ya maji. Zima pia utulizaji wa picha wa kidijitali, kwa sababu simu iliyotulia ikiwa bado inajitahidi kujituliza huweza kuelea pikseli chache bila sababu.

Kama mistari inakutana ila upande mmoja una mwanga au rangi tofauti, simu imejirekebisha yenyewe. Bibi aliingia na khanga nyeupe, simu ikaona weupe mwingi ikapunguza mwanga. Mangi akaingia na koti jeusi, ikaongeza. Bonyeza kwa muda mrefu kwenye kioo mpaka alama ya kufungwa kwa fokasi na mwanga itokee. Kwenye upande wa Pro funga na rangi ya mwanga pia, ile inayopimwa kwa namba za Kelvin. Ikiachwa ijiamulie, ukuta utakuwa wa njano kwa bibi na wa bluu kwa Mangi.

Kama kila kitu kimefungwa na bado kuna tofauti, tazama juu. Moshi mawingu hayasubiri mtu. Tulirekodi bibi kwenye jua, tukabishana kuhusu chipsi dakika 20, tukarekodi Mangi chini ya wingu. Hakuna kurekebisha rangi kunakoweza kukurudishia kivuli cha mlingoti ambacho hakipo. Pande zote mbili zirekodiwe ndani ya dakika chache, na chakula kije baadaye.

Mahali pa mshono pachague kabla. Nguzo, fremu ya mlango, ukingo wa rafu ya sabuni: chochote kilichosimama wima na hakitikisiki. Pazia na jani la mgomba ni adui. Bandika utepe sakafuni, na mwigizaji asiuvuke hata kwa kiwiko. Macho nayo yana kesi yake: watu wawili wanaogombana huku kila mmoja akitazama juu ya kichwa cha mwenzake huvunja udanganyifu haraka kuliko mshono mbaya. Sisi tuliweka ndoo juu ya stuli kwa urefu wa uso wa bibi, Mangi akaitukana ndoo.

Mtu kupotea ghafla, kutokea ghafla au kugeuka mbuzi ni ndugu wa efekti hii na hutibiwa vilevile. Nyongeza ni kwamba wengine wote kwenye picha wagande wakati mmoja anatoka. Ukiwa na watu wanaocheka ovyo, wapunguze kwenye picha.

Bibi amebandikwa kama stika

Kijani kimetoka safi, ukingo mzuri, na bado hakuna anayeamini. Hapa tatizo ni mwanga usiokubaliana, na ndipo jiografia inapoingia.

Kutoka Moshi mjini mlima uko kaskazini. Picha nyingi nzuri za Kibo hupigwa asubuhi mapema kabla mawingu hayajaufunika, na asubuhi jua liko mashariki, yaani kulia kwako ukiutazama mlima. Jioni liko kushoto. Bibi wangu alikuwa na taa kubwa kushoto, kwa sababu soketi ya umeme ilikuwa kushoto. Mlima ulikuwa na asubuhi, bibi alikuwa na jioni. Nilizungusha rangi nusu saa nzima kabla sijaona. Tiba ilikuwa kumgeuza bibi kushoto kulia kwa kitufe kimoja, na bahati nzuri khanga yake haikuwa inasomeka.

Mchana nao una mtego. Tuko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la saa 6 mchana liko upande wa kaskazini, juu ya mlima, na linakupiga usoni ukiutazama. Desemba limehamia kusini, liko mgongoni kwako. Picha ya mlima ya Desemba na mwigizaji aliyerekodiwa nje mwezi Juni vivuli vyao vitaanguka pande zinazopingana, ingawa vyote ni vya mchana mahali pamoja. Andika mwezi na saa kwenye jina la kila picha ya mandhari unayoihifadhi. Mimi huandika pia jua lilikuwa upande gani.

Mwanga ukikubaliana na bado anaonekana stika, angalia weusi. Kitu kilicho mbali kina ukungu mbele yake. Sehemu nyeusi kabisa ya mlima ukiitazama kwa makini ni kijivu chenye bluu. Bibi anayedaiwa kuwa mbali angani hawezi kuwa na weusi wa mkaa. Pandisha weusi wake hadi ufanane na wa mandhari, na umpunguzie ukali kidogo. Hatua hii moja huokoa zaidi ya nyingine zote, na huchukua sekunde.

Kisha urefu wa kamera. Anayeruka anaonwa kutoka chini, kwa hiyo simu iwe chini ya ungo ikitazama juu. Tulimweka dogo juu ya meza, simu sakafuni, na ghafla akaanza kuruka kweli. Tumia lenzi kuu. Ile pana ya 0.5 inavuta kingo, na magoti ya bibi yalikuwa makubwa kuliko kichwa. Kwa anayetua au kusimama, chora kivuli chini ya nyayo: tabaka jeusi, limefifishwa, jembamba, likiwa zito zaidi pale nyayo inapogusa ardhi. Bila hicho ataelea hata ufanye nini.

Mandhari ya angani usiirekodi kwa droni ya kuazima bila kibali. Droni ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na maelezo kwamba ni kichekesho hayatakusaidia. Ghorofa ya nne ya jengo la mjini, kwa ruhusa ya mlinzi, ilitutosha.

Kofi haliumi

Tatizo la kofi ni sikio. Tafuta fremu ambayo kiganja kiko karibu kabisa na shavu kwa macho ya kamera, na sauti ianzie hapo hapo. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40; sauti ikichelewa fremu 3 au 4 mtazamaji hatasema imechelewa, atasema kofi ni la uongo. Tikisa picha fremu 4 hadi 6 kisha itulie. Kiganja chenyewe kinaweza kuwa sentimita 20 mbele ya uso ikiwa kamera iko nyuma ya bega la mpigaji. Paka poda kidogo kiganjani: ile vumbi inayotoka ni efekti isiyohitaji kompyuta.

Mlipuko wa bastola hukaa fremu 1 au 2, na uso wa aliyeshika lazima ung'ae fremu hizo hizo. Ukiuacha fremu 10 unakuwa jiko la gesi. Na bastola ya bandia usiitoe mtaani. Watu hawaoni kamera, wanaona bastola.

Moto una sanduku jeusi

Klipu ya moto, moshi au radi ya kupakua mtandaoni mara nyingi huja juu ya weusi. Usifute weusi kwa kifaa cha kijani. Nenda kwenye namna ya kuchanganya tabaka uchague Screen. Weusi unayeyuka na mwanga unabaki. Sanduku likiendelea kuonekana kwa mbali, weusi wa klipu si weusi kamili, ushushe kidogo kwa kitelezi cha vivuli. Moshi mweusi hautafanya kazi hivi, kwa sababu utayeyuka wenyewe.

Efekti inateleza kutoka usoni

Macho ya bibi yalitakiwa kutoa radi. Alipogeuka, radi ikabaki hewani na bibi akaendelea na safari. Programu inayofuatilia kitu inahitaji alama yenye tofauti kali ya mwanga na isiyofutika kwa mwendo. Shavu tupu si alama, ila pembe ya jicho ni alama. Rekodi kwa mwanga mwingi na shata ya haraka zaidi, 1/100, ili fremu zisiwe na ukungu wa mwendo. Utakosa tu kitu kikipita mbele ya alama, na hapo endelea kwa mkono, fremu moja moja, mpaka alama irudi. Radi ni ya sekunde moja. Ni fremu 25 tu, chai haijapoa umemaliza.

Midomo na sauti vinaachana polepole

Mwanzo sawa, mwisho wa klipu sauti iko mbele. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Kwenye giza au joto hupunguza, na programu ya kompyuta inahesabu kana kwamba zote ziko sawa. Pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha muundo wa video, chagua mwendo wa fremu usiobadilika, ndipo uhariri. Ukishaanza kuhariri umechelewa, kwa hiyo fanya hivi siku ya kwanza.

Nyuso zimekuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa

Klipu ilikuwa nzuri kwenye iPhone, kwenye kompyuta imeungua. Ni HDR, namna ya kurekodi mwanga kwa upana kuliko video ya kawaida. Izime kwenye mipangilio ya kurekodi video kabla ya siku ya kazi, kwa kila simu itakayotumika, kwa sababu klipu moja ya HDR katikati ya za kawaida itakusumbua kuliko zote.

Nzuri kwangu, mbovu ikishapandishwa

Mitandao hukandamiza upya kila unachopandisha. Mvua, moshi mzito na karatasi zinazorushwa ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa kuwa kila fremu ni mpya kabisa. Punguza wingi wa vipande, viwe vikubwa na vichache. Toa video ya 1080 kwa 1920, washa chaguo la ubora wa juu wakati wa kupandisha, na usiipandishe ile iliyozunguka kwenye magrupu. Efekti muhimu isikae chini kabisa wala ukingoni kulia. Huko kuna maelezo na vitufe. Ungo wa bibi ulipita nyuma ya alama ya moyo na watu wakauliza ungo uko wapi.

Kila kitu kimekaa sawa, na hakuna anayecheka

Hii nayo ni dalili, na chanzo chake kwa kawaida ni kwamba umeipenda kazi yako. Bibi akiruka nilimwacha angani sekunde 6, maana nilikuwa nimelala saa 10 alfajiri kwa ajili yake. Nikawaonyesha watu watatu kwenye kijiwe cha kahawa. Walitazama kwa heshima.

Nikakata. Ungo sasa unapita kwa fremu 20, huwezi hata kuhesabu vidole vya bibi. Radi ya macho nikaifuta yote. Badala yake Mangi anapanga mikate, kivuli kinapita mezani, anainua kichwa, na kandambili moja inadondoka "pwa" juu ya kaunta. Anaitazama. Anaigeuza kuangalia saizi.

Baada ya kupandisha, swali lililojirudia zaidi halikuhusu mlima wala ungo. Watu walitaka kujua ile kandambili nimeitengeneza kwa programu gani. Ilirushwa na dogo, akiwa bado na kilemba, kutoka juu ya ngazi.